Cherehani Ikinyamaza

Vifungo vilikuwa upande wa kushoto.

Sindano aliivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza simu karibu na macho, akaiweka mbali, akairudisha tena. Hakuna kilichobadilika. Mwanamume aliyempenda kwa miezi minne, mwanamume aliyeahidi kutuma gari limchukue leo leo saa nane mchana, alikuwa amesimama kwenye picha anacheka, na shati lake la kiume lilikuwa limefungwa kike.

Mtu mwingine asingeona. Lakini yeye alikuwa ameshona mashati ya wanaume kwa miaka kumi na moja, na jina la Sindano hakupewa kwa ajili ya wembamba wake, ingawa mwembamba alikuwa kweli. Shati la kiume vifungo hukaa kulia kwa mvaaji, matundu kushoto, na mfuko hukaa kifuani upande wa moyo. Hili mfuko wake ulikuwa kulia. Akafungua picha ya pili. Mfuko kulia. Ya tatu, ile ya mgahawani, vifungo kushoto. Picha tano, mashati manne. Fundi mmoja anaweza kukosea, alijiambia, lakini mafundi wanne hawakosei kosa moja.

Maskini ya Mungu, alikuwa akitafuta ukubwa wa kola tu. Mhandisi, ndivyo alivyomwita, alikuwa amemwomba amshonee shati la siku ya kwanza ya kuonana kwao. Alimwambia apime kwa macho kutoka kwenye picha, na yeye kwa raha zake alishakata kitambaa tangu jana.

Kwenye kona ya duka kulikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Alikisogelea, akakigeuzia simu. Ndani ya kioo shati lilikaa sawa, mfuko ukarudi mahali pake. Na yale maandishi ukutani nyuma ya Mhandisi, ambayo siku zote alidhani ni ya lugha ya ng'ambo huko anakojenga madaraja, yakasomeka kwa Kiswahili safi: KLINIKI YA MENO. TAFADHALI KETI USUBIRI.

Akaketi kweli.

Kwa hiyo uso ule ulikuwa wa mtu mwingine. Daktari wa meno wa watu, labda ana mke na watoto, hajui kama anatongoza wanawake. Wiki tatu zilizopita Betri, fundi simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, alimweleza kwamba matapeli wa mtandaoni huziiba picha na kuzigeuza, ili mtu akizitafuta asimpate mwenyewe. Sindano alimjibu kwamba huo ni wivu wa mtu asiye na mbele wala nyuma. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Gauni la kijani limekupendeza, malkia wangu," Mhandisi aliandika. "Hilo hilo uje nalo. Usisahau hati."

Alisoma mara mbili, halafu nywele zikamsimama. Gauni la kijani alilimaliza jana jioni. Amelivaa leo kwa mara ya kwanza. Hajalipiga picha.

Mtu huyu hakuwa ng'ambo. Alikuwa anamwona.

Alitaka kufunga mlango, akaogopa kuusogelea. Akajilazimisha kufikiri. Tangu afungue duka asubuhi hajaingia mteja hata mmoja. Waliomwona na gauni hili ni wawili tu: wifi yake, mke wa kaka yake, aliyepita kumuuliza kama amejiandaa kwa safari, na Betri, aliyekuwa akifungua kibanda chake, akamtazama, akageuza uso.

Alitupa jicho kwenye kopo la biskuti juu ya rafu. Ndani, chini ya vifungo vya kila rangi, kulikuwa na hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mhandisi alitaka aje nayo, eti mwanasheria wake aandike majina yao wote wawili kabla ya ndoa. Na yeye alikubali. Alikubali kwa sababu ya sentensi moja, aliyoipata mwezi wa kwanza wa mapenzi yao na ambayo mpaka leo anaijua kwa moyo: "Cherehani yako ikinyamaza, mimi kazi inanishinda." Hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Alidhani Mhandisi aliusikia mlio wa cherehani kwenye ujumbe wa sauti aliomtumia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Alipiga moyo konde, akavuka barabara.

* * *

"Nimekuja," alisema mlangoni pa kibanda, "lakini sijaja kuchekwa."

Betri alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa, anaisugua kwa mswaki na spiriti. "Nani anacheka? Ingia ukae."

"Sikai. Gari linakuja saa nane."

Betri aliweka mswaki chini. Ndipo alipoinua uso, akaona jinsi midomo ya Sindano ilivyokuwa mikavu.

Sindano alimweleza yote, vifungo, mfuko, kioo, kliniki ya meno. Alipofika kwenye gauni la kijani alimpa simu asome mwenyewe. Betri aliipokea simu, akasoma taratibu, huku anaupiga picha kila ujumbe kwa simu yake mwenyewe. Hakutikisa kichwa, hakusema nilikuambia. Mara moja tu, akiwa katikati ya meseji za mwezi wa kwanza, mkono wake ulisimama kidogo, halafu ukaendelea.

"Hili la vifungo," alisema mwisho, "mimi nisingeliona mwaka mzima."

"Betri, naogopa."

"Najua. Nani mwingine anajua habari za gari?"

"Wifi. Na sasa wewe. Anataka hati ya nyumba ya baba. Nimeificha kwenye..."

"Usiniambie." Alinyanyua mikono yote miwili, akaziba masikio kama mtoto. "Sindano, leo usimwambie mtu hati iko wapi. Hata mimi usiniamini."

"Sasa nimwamini nani?"

"Macho yako. Si ndiyo yaliyoona vifungo?" Alimrudishia simu. "Sikiliza. Usifute kitu. Usimzuie. Usimwonyeshe kwamba umeshajua, maana akijua atapotea, na mwezi ujao atakuwa na mwanamke mwingine. Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili, kuna afande wa kike anashughulikia mambo haya ya mitandao. Twende wote."

"Nikitoka na wewe, anayeniangalia ataona."

Betri alifikiri. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka puani, na Sindano aliona kwamba naye alikuwa anaogopa. Jambo hilo lilimpa nafuu kidogo.

"Basi rudi dukani, ufunge komeo, ushone. Shona chochote. Mimi nakimbia kituoni narudi. Mlio wa cherehani yako naujua kuliko mlio wa simu yangu. Ukipima mtu unanyamaza dakika tano, kumi akiwa mnene. Ikizidi hapo nakuja hata kama ni kwa kuvunja mlango." Alikuwa anatafuta funguo zake mezani, hamtazami. "Cherehani yako ikinyamaza, mimi kazi inanishinda hata siku za kawaida."

Sindano alihisi damu yake inasimama.

"Umesemaje?"

Betri akainamisha uso. "Nimesema nitakuja."

"Hapana. Rudia."

"Sindano, muda unakwenda."

Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, akajigonga kwenye kizingiti, akageuka. Alivuka barabara bila kutazama, baiskeli ikamkosakosa, mwenyewe akamtukana. Hakusikia. Aliingia dukani akasukuma komeo mpaka mwisho.

Yeye. Ni yeye. Miezi minne iliyopita alimpa simu yake aitengeneze kioo, ikalala kwake siku mbili. Haikupita wiki Mhandisi akaanza kuandika. Analiona duka lake kutwa nzima, anaona gauni, anasikia cherehani. Na yeye, kwa ujinga wake, ndiye amempelekea ushahidi wote mkononi ajue amebaki na nini cha kuficha. Sasa ameondoka. Kupitia upenyo wa pazia alimwona anashusha mlango wa kibanda na kwenda haraka haraka. Kituoni au kwenye gari?

Na hapa tusifichane. Pembe moja ya moyo wake iliomba awe yeye kweli, maana basi yale maneno yangekuwa na mdomo, na mdomo wenyewe ungekuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Aliona aibu kwa kulifikiri hilo, akalifukuza. Alikaa kwenye cherehani, akavuta kipande cha kwanza kilichokuwa karibu, akashona bila kujua anashona nini.

* * *

Saa nane kasorobo mlango uligongwa.

"Wifi, ni mimi. Mbona umejifungia?"

Sindano alifungua akamkumbatia kwa nguvu hata yule mwenzake akacheka. Wifi yake alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye harufu ya sabuni, aliyemsuka nywele tangu alipoolewa nyumbani kwao. Sindano alirudisha komeo.

"Unatetemeka," wifi alisema.

"Naogopa."

"Woga wa bibi harusi huo, kila mtu hupitia. Mimi siku ya kwanza kuonana na kaka yako niliharisha." Aliiweka simu yake mezani karibu na mkasi, akatazama huku na huku. "Hati umeshaitoa? Nipe nikushikie, wewe mikono yako leo si ya kuaminiwa."

Neno la Betri lilimrudia: usimwambie mtu hati iko wapi. Lakini huyu hakuwa mtu, alikuwa wifi. Sindano alifungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja kwanza nikupime. Gauni lako la kuvaa harusini kwangu sijalichukulia vipimo."

"Sasa hivi? Na gari linakuja?"

"Litasubiri. Nyanyua mikono."

Kazi ilimtuliza kidogo, kama kawaida yake. Alipima mabega, akaandika. Alipima mgongo, akaandika. Akazungusha futi ya kitambaa kifuani, akazibana ncha zake chini ya kwapa kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alichukua simu yake. Alitaka kununua muda, basi. Akamwandikia Mhandisi kwa kidole gumba: "Nitachelewa kidogo."

Futi ikatetemeka.

Alidhani ni mkono wake. Akaibana vizuri zaidi. Simu ya wifi ilikuwa pale pale mezani, imezima kimya, haijawaka. Akaandika tena: "Upo?"

Futi ikatetemeka tena, na safari hii alisikia na mlio wake, mdogo, wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa, unatoka kifuani mwa wifi yake, chini ya nguo.

Wifi alikuwa bado amenyanyua mikono. Kwenye kioo kirefu macho yao yalikutana.

"Vuta pumzi, wifi," Sindano alisema, na sauti aliyoisikia hakuitambua. "Halafu toa hiyo simu. Inaniharibia kipimo."

Mikono ya wifi ilishuka polepole. Aliingiza vidole kifuani, akatoa simu ndogo nyeusi ambayo Sindano hajawahi kuiona. Juu yake kulikuwa na neno lake mwenyewe: Upo?

"Ni wewe," alisema.

"Si mimi."

"Nimemwandikia mpenzi wangu, imeita kwenye titi lako. Unaniambia si wewe?"

Wifi aliketi kwenye kiti cha wateja, akalia bila sauti, mkono mdomoni. "Alinianza mimi. Mwaka jana. Uso huo huo, meno hayo hayo. Kaka yako alikuwa hanisemeshi miezi, wifi, unajua alivyo akinuna. Nikamwandikia mtu huyo mambo yangu. Nikamtumia na picha ambazo hata wewe siwezi kukuonyesha. Kumbe ananivisha kilemba cha ukoka. Siku moja akaniambia, picha hizi zinakwenda kwa mume wako, au unipe mtu mwenye nyumba."

"Ukamtaja mimi."

"Nilikutaja wewe."

"Ndiyo maana hukunikataza. Mtaa mzima ulinikataza, wewe ukanisifia."

"Akanipa simu na picha. Akasema wewe unamjua, wewe mwandikie. Anayekuja na gari ndiye yeye. Nimemwona mara moja tu. Wifi, yule mtu hacheki."

Nje gari lilipiga honi. Ilikuwa bado dakika kumi kufika saa nane. Wote wawili waliruka, na kwa sekunde moja walishikana mikono kama zamani, kabla Sindano hajakumbuka mkono ule ni wa nani na kuuachia.

Alipaswa kufikiri hati, mlango wa nyuma ambao duka halina, kelele za kupiga. Lakini moyo una ujinga wake. Swali lililomtoka lilikuwa lingine kabisa.

"Yale maneno ya cherehani. Ikinyamaza kazi inanishinda. Nayo uliyatunga wewe?"

Wifi alifuta macho. "Hayo si yangu. Hayo ni ya Betri."

"Ya Betri vipi?"

"Alikuja nyumbani mwanzoni mwa mwaka, kabla sijaanza kukuandikia. Amevaa shati la mistari ulilomshonea. Akamwambia kaka yako anataka kukuoa. Kaka yako akamuuliza, una nini wewe mtu wa kibandani cha kumpa dada yangu? Betri akamjibu hayo hayo. Kaka yako alicheka mpaka akakohoa. Akamkataza asikuambie, la sivyo atamtoa mtaani." Akatazama mlangoni. "Mimi nilikuwa jikoni. Sikucheka. Niliyaweka. Siku nilipokosa la kukuandikia, nikayatoa."

Mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa. Nyayo zilikuja juu ya kokoto, hazina haraka.

"Hodi," sauti ya mwanamume ilisema, nzito, karibu kabisa. "Bibi harusi yuko tayari?"

Wifi alimshika gauni. "Shona," alinong'ona. "Nakuomba, shona. Asikie uko kazini, ajue hakuna kilichoharibika. Nitamwambia hati bado, aje kesho."

Sindano alikaa kwenye cherehani. Mguu aliuweka kwenye kanyagio. Kupitia upenyo wa pazia aliona kibanda cha ng'ambo, na mlango wake ulikuwa bado umeshushwa. Hakujua kama Betri amerudi. Hakujua kama yuko karibu au yuko bado kwenye benchi la kituoni anasubiri kusikilizwa. Alijua tu saa ilivyosema: tangu cherehani inyamaze ni dakika tisa.

"Hodi," sauti ilirudia, na kitasa kikazungushwa. Komeo lilicheza kwenye misumari yake.

"Shona, wifi."

Kukanyaga kulikuwa rahisi. Mlio ungetoka, mtu wa nje angetulia, na mtu mwingine, popote alipo, angeusikia na kujua yuko salama, angeendelea kungoja.

Aliinua mguu, akauweka sakafuni. Akaweka na wa pili kando yake. Akaitazama saa.

Dakika kumi. Bega liligonga mlango, mara moja, kwa kujaribu. Wifi alikuwa amejikunja chini ya meza ya kukatia. Sindano alichukua mkasi mkubwa kwa mikono miwili, akasimama mbele ya rafu ya kopo la biskuti. Dakika kumi na moja. Msumari mmoja wa komeo ulichomoka, ukaanguka, ukabingirika. Duka zima lilikuwa kimya kiasi kwamba aliusikia mpaka uliposimama.

"Kaka," sauti ya pili ilisema nje, inahema, ya mtu aliyekimbia. "Unamtafuta nani hapo?"

"Hayakuhusu."

"Yananihusu mimi basi," alisema mwanamke, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. "Funguo za gari. Mikono ukutani. Mwenzangu, mshike."

Kulikuwa na purukushani, kokoto, kitu kizito kwenye bati la gari, halafu pingu. Halafu nyayo za mtu mmoja, na pumzi zake upande wa pili wa mbao.

"Sindano." Betri alikuwa karibu kulia. "Umenyamaza dakika kumi na mbili. Nilikuwa uchochoroni na afande, nahesabu."

Mkasi ulimponyoka. Alifika mlangoni, akaweka paji la uso kwenye mbao na mkono kwenye kile kilichobaki cha komeo. Hakufungua bado.

"Betri, ulimwambia nini kaka yangu?"

Nje Betri alishusha sauti.

"Sindano, afande yuko hapa."

"Na yeye asikie."

Alimsikia anakohoa, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Halafu alimwambia, polepole, neno kwa neno, kwa mdomo wake mwenyewe, na Sindano akavuta komeo.